Kilo Mbili na Robo

Ilikuja ndani ya gunia, pamoja na sufuria zilizotoboka,
mabati ya kanisa lililobomolewa, mguu wa cherehani.
Akumu wa mizani, hapo Kibuye, hajui baiskeli,
anajua uzito. Akaining'iniza kwenye ndoano:
kilo mbili na robo, akasema, lete mia na ishirini.
Nikalipa bila kubishana. Niliogopa akiyaona macho yangu
atapandisha bei.

Mimi fremu huisoma kwa vidole kwanza.
Fupi, ya gurudumu la inchi ishirini;
bomba la chini nene kama mkono wa mtoto aliyeshiba;
na shingoni, chini ya usukani, kibati cha pembe tatu
kilichowekwa na mtu aliyejua kwamba watoto
huruka kabla ya kuuliza chini kuna nini.
Si blaki mamba hii. Haikuzaliwa kubeba abiria
wala kreti za soda. Ilizaliwa icheze.

Nikaipindua kama mbuzi wa mnadani.
Pale pedeli zinapozungukia, kwa chini, kutu imekaa
kama ukoko wa ugali. Kutu hainitishi:
ndimu, chumvi, mswaki mkuukuu, subira.
Ikatoka K. Halafu nane. Halafu tatu,
au tano? Nikaweka karatasi juu, nikasugua penseli
kama tulivyosugua sarafu shuleni.
Tano. Themanini na tano, basi.

Rangi nazo nikazivua moja moja:
nyeusi ya geti,
kijani cha ushirika wa pamba,
samawati ya zahanati
(kila aliyeirithi alipaka alichobakiwa nacho),
nyekundu, kisha kivuli cha stika, jina lisilosomeka,
lililobaki tu kwa kuwa jua halikufika chini yake,
kisha kromu. Nikalowesha karatasi ya fedha
ya pakiti ya sigara, nikasugua,
uso wangu ukanijia vipande vipande.

Hapo ndipo nikaiona lehemu.

Bomba la juu, vidole viwili kutoka shingoni:
shaba imevimba, imechuruzika upande mmoja,
mbaya, mbaya kama kamasi.
Kiwanda hakifanyi hivyo. Hata fundi Ralo akiwa amelewa
hakufanya hivyo. Mkono huo naujua.
Ndio huu ulioshika mswaki.

Hasmukh, wa duka la misumari nyuma ya Jubilee,
alishuka mteremko wa Riat bila breki, kwa ubishi tu,
akaja na fremu iliyovunjika shingo na goti linalovuja,
akililia fremu. Ralo alikuwa mazishini, Seme.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na moto, na kiburi.
"Itafika Ijumaa," nikamwambia.
Shilingi ishirini, atalipa Jumamosi.
Jumamosi duka lilikuwa na kufuli,
na jirani akasema "Leicester"
kama mtu anavyosema "marehemu".

Sasa kuna bwana wa Nairobi anayekusanya hizi.
Nimemtumia picha. Anaitaka kama ilivyotoka kwenye katoni.
"Hiyo takataka ya shaba saga, jaza, piga kromu upya."
Nimeichomeka grenda. Nimeichomoa.
Nimeichomeka tena, nikanywa chai.

Karani wa pamba aliikalia. Mtoto wa nesi aliikalia.
Na yule wa geti, sijui nani, pengine na mdogo wake
amesimama nyuma juu ya ekseli.
Miaka thelathini na kitu,
na Ijumaa haijafika.

Nimemwandikia bwana bei mbili: ya kuiacha, na ya kuisaga.
Ya kuisaga ina sufuri moja zaidi.
Hajajibu.
Nami naipaka shaba vaselini kidogo,
kwa kidole, isije ikashika kijani.